Kidole Gumba Kwenye Bobini

Rili ya kuvulia samaki ni kazi ya mafundi saa, na yeyote aliyewahi kuifungua juu ya meza hatabisha. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika mji mdogo wa Paris, jimbo la Kentucky nchini Marekani, fundi saa aitwaye George Snyder alichukua ujuzi wake wa giya ndogondogo akaufunga kwenye bobini ya mshipi, ili mtu akizungusha mpini mara moja, bobini izunguke mara kadhaa. Miaka ya 1890 William Shakespeare, kijana wa Kalamazoo, Michigan, akaongeza kidude kinachokwenda kushoto na kulia ili uzi ujipange wenyewe. Na huko Svängsta, Uswidi, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1921 kwa ajili ya saa za mfukoni, baadaye kikaingia kwenye mita za teksi, hatimaye kikajulikana duniani kwa rili iitwayo Ambassadeur, iliyoingia sokoni miaka ya 1950.

Moja ya hizo, nyekundu, ilinifikia Geita ndani ya boksi la viatu. Fundi mwenzangu, mgeni aliyekuwa anamaliza mkataba, alikuwa akigawa vitu vyake: masufuria kwa mpishi, feni kwa mlinzi, na rili kwangu mimi, kwa kuwa, alisema, ndimi mtu pekee niliyewahi kumuuliza ndani yake mna nini. Yeye aliitumia Rubondo, kisiwa ambacho ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1977, ambako wageni huruhusiwa kuvua sangara kwa kujifurahisha. Wengi wakisikia Rubondo hukumbuka sokwe walioletwa kutoka Ulaya wakaachiwa humo miaka ya 1960. Yeye alikumbuka sangara tu. Akaniachia na ufito wake mfupi, mgumu, pamoja na onyo kwamba hiyo si rili ya mwanafunzi.

Nami nilikuwa mwanafunzi haswa. Nimezaliwa Shinyanga, na kwa mtoto wa Shinyanga wa enzi zetu maji yalikuwa ya kuchotwa, hayakuwa ya kutazamwa. Mji ulikunywa bwawa la Ning'hwa, vijijini watu na ng'ombe waligawana malambo, na maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele yalikuja kuzinduliwa mwaka 2009, sisi tukiwa tumeshahama kutafuta kazi. Uvuvi wetu ulikuwa wa kambare kwenye lambo linalokauka. Unasimama ukingoni, unashusha ndoano yenye mnyoo, unangoja. Ng'ombe wakija kunywa, uvuvi umekwisha. Kutupa mshipi mbali hakukuwepo, kwa sababu mbali kwenyewe hakukuwepo. Ng'ambo ya lambo ungeweza kumsalimia mtu bila kupaza sauti.

Kwa asiyezijua, rili ziko za namna mbili. Iliyozoeleka ni ile ambayo bobini yake imetulia wakati wa kutupa, uzi ukichomoka kwenye ukingo wake na kwenda. Hiyo aliibuni Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo vya Bradford, Uingereza, akapata hati yake mwaka 1905, na inasemekana wazo alilitoa kwenye bobini za kufumia zilizomzunguka kila siku. Mtoto wa darasa la tatu ataitupa rili hiyo vizuri siku hiyohiyo. Ya pili, ambayo ndiyo hii ya mafundi saa, bobini imelala kwa upana juu ya ufito, na ukitupa huzunguka. Chambo kinaruka, uzi unavutwa, bobini inazungushwa na uzi. Hakuna kingine kinachoiendesha.

Hapo ndipo balaa lilipo. Chambo kikitoka kwenye ncha ya ufito kina kasi yake kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Kuanzia hapo hewa inakizuia na kinapungua kasi kila hatua. Bobini haina hewa ya kuizuia. Ikishashika mwendo, inataka kuendelea na mwendo huohuo, hivyo mara moja tu inaanza kutoa uzi mwingi kuliko ule unaohitajika na chambo. Uzi wa ziada hauna pa kwenda. Unafumuka juu ya bobini, unashikwa na mizunguko iliyo chini yake, unarudishwa ndani kinyumenyume, na kwa muda mfupi kuliko kupiga chafya umepata kitu ambacho kitakula jioni yako yote. Kuna sehemu mbili za hatari kubwa: mara tu baada ya kuachia, na pale chambo kinapogusa maji na kusimama huku bobini haina taarifa.

Mimi sikuanzia majini. Nilianzia kwenye uwanja wa mpira wa shule ya msingi, jirani na nilipopanga, jioni za Jumapili, nikitupa nati. Nati kubwa za chuma ndizo nilizokuwa nazo kwa wingi, na mwenye duka la dhahabu ninayefahamiana naye alinipimia kwenye mzani wake wa kidijitali, akicheka, tukapata moja ya gramu 16, ambayo ni uzito mzuri wa kujifunzia. Chepesi zaidi hakina nguvu ya kuvuta bobini. Kizito mno kinakudanganya kwamba umejua. Watoto waliacha mpira kuja kutazama mtu mzima anayevua kwenye nyasi. Walisubiri uzi ufumuke, na ulipofumuka walipiga kelele "Wigi!" kwa pamoja. Baada ya muda waliweza kutabiri. Mkono wangu ukiwa bado nyuma ya bega, mmoja alishasema, kwa sauti ya chini na ya huruma, "Wigi hilo."

Nilitaka kujua aliona nini. Alikuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, na alinijibu kwamba nikitaka kutupa mbali nafunga mdomo.

Alikuwa sahihi, na ni jambo la kifizikia kabisa. Nguvu ya ghafla mwanzoni huipa bobini mwendo mkali usiolingana na safari itakayofuata. Mtupo mzuri wa rili hii huanza polepole, unaongezeka, na ufito ndio unaofanya kazi: unapinda ukielekea nyuma kwa uzito wa chambo, kisha unanyooka na kukirusha. Mkono unachofanya ni kuongoza. Atakaye kwenda mbali kwa misuli anapata wigi. Na anayejitahidi zaidi anapata kubwa zaidi. Katika ufundi mwingine niliowahi kujifunza, juhudi ikizidi unapata matokeo mabaya kidogo. Hapa unapata sifuri, papo hapo, mkononi, mbele ya watu.

Watengenezaji walilijua hilo zamani na wakaweka breki. Kwenye rili yangu, ukifungua kifuniko cha upande, utaona vijipande viwili vya plastiki vilivyovikwa kwenye vijiti vyembamba. Bobini ikizunguka kwa kasi vinasukumwa nje, vinasugua ukuta wa duara, na kupunguza mwendo; kasi ikipungua vinalegea. Jinsi vinavyofanya kazi ni jambo la kupendeza: mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne, hivyo breki inakuwa kali mwanzoni ambako inahitajika, na inajiondoa baadaye ili chambo kifike mbali. Rili za siku hizi nyingi hutumia sumaku zilizopangwa karibu na bobini, ambazo zinazuia bila kuigusa. Kama fundi umeme ningependa kuzisifia hizo za sumaku, na kwa kweli kwenye upepo zinasaidia sana, ila ile ya kusugua inanipendeza zaidi kwa sababu unaisikia.

Kuna pia kifundo kidogo pembeni, karibu na mpini, kinachobana ekseli ya bobini. Hicho hurekebishwa kila unapobadili chambo. Unainua ufito, unaachia bobini, chambo kinashuka taratibu. Kikigusa ardhi, bobini inapaswa kusimama karibu wakati huohuo. Ikiendelea kuzunguka, kaza. Chambo kisiposhuka, legeza. Nimeona watu wakiruka hatua hii kwa haraka ya kwenda kutupa, na nimewaona jioni yao ilivyoisha.

Basi, mwenye breki na kifundo anahitaji nini tena? Niliamini hahitaji kitu. Nilikaza kila kinachokazwa, na wigi likaondoka. Nati nayo ikawa inaanguka karibu kiasi kwamba watoto waliiokota bila kukimbia. Nikilegeza kidogo, masafa yanarudi, na wigi linarudi nayo. Nilikwama kati ya hayo mawili kwa miezi, na nilichopata mwisho wake sikukipata uwanjani.

Mjomba wangu, kaka wa mama, yuko Nyarugusu, kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, kusini mwa mji wa Geita. Kazi yake ni winchi. Siyo winchi ya mota; ni gogo lililolazwa juu ya miti miwili yenye panda, mipini ya chuma huku na huku, na kamba imezungushwa katikati. Chini yake kuna duara, yaani shimo la kuchimbia, lenye kina cha mita 30 na zaidi. Mawe yanapanda kwenye dumu lililokatwa, watu wawili wakizungusha. Dumu tupu linaposhuka hawazungushi. Ingekuwa kupoteza nguvu. Mipini inaachiwa, dumu linajishusha lenyewe kwa uzito wake, na gogo linazunguka kwa kelele ya kutisha.

Nilikuwa nimeketi kwenye gunia nikimsubiri amalize zamu, na sijui ni mara ya ngapi nilikuwa naona kazi ile, lakini siku hiyo niliiona. Kilichokuwa kinazunguka mbele yangu ni rili. Uzito unavuta kamba, kamba inazungusha gogo. Dumu likisimama chini na gogo likaendelea, kamba italegea, itapanda juu ya yenyewe, itajisokota, na huko chini kuna watu. Nyarugusu nzima nayo ingekuwa imejaa mawigi, ila haijajaa. Nikamtazama mjomba mkono.

Alikuwa amevaa glavu kuukuu, na juu ya kiganja ameshikilia kipande cha tairi. Kipande hicho kilikuwa kimelala juu ya gogo muda wote dumu linaposhuka. Hakukandamiza. Kiligusa tu, na gogo likapita chini yake. Mwanzoni kabisa, dumu lilipoachiwa na gogo likaruka kwenda kasi, aliegemea kidogo. Kisha akapunguza mpaka nikadhani ameinua mkono, hakuwa ameinua. Alama ya rangi nyekundu kwenye kamba ilipopita machoni pake, akaanza kuegemea tena, pole, pole, na gogo likafa mwendo dumu linapogusa chini. Alikuwa akizungumza nami kuhusu mahari ya binti wa jirani na hakukatisha sentensi.

"Mjomba," nikamwambia, "unajuaje uegemee kiasi gani?"

"Sijui," akasema. "Mkono haujatoka pale, basi unajua."

"Ukiutoa ukaurudisha likizidi kasi?"

Akaniangalia namna watu wa machimbo wanavyomwangalia mtu wa ofisini. "Mpwa wangu, likishazidi kasi utashika nini?"

Hilo ndilo lililokuwa tatizo langu lote. Nilikuwa nikiinua kidole gumba moja kwa moja wakati wa kuachia, nikikirudisha nikiona uzi unaanza kufumuka. Jicho liko polepole mno kwa kazi hiyo. Uzi ukionekana umefumuka, umeshafumuka kitambo. Kidole kinatakiwa kibaki juu ya bobini safari nzima, chepesi kiasi cha kuhisi uzi unavyopita, na ule uzi ukianza kulegea kinausikia ukipanda kwenye ngozi kabla jicho halijaona chochote. Breki za kiwandani zinafuata mwendo wa bobini peke yake. Hazijui upepo umegeuka, hazijui chambo kinabakiza mita mbili kufika majini. Kidole kinajua, almradi kipo.

Mjomba, ambaye hawezi kuacha kitu kipite bila kukigeuza mawaidha, aliposikia habari ya rili akaanza kunieleza kuhusu vijana waliopata dhahabu kisha mwendo ukawashinda: mmoja aliyekodi gari la abiria zima kwenda harusini peke yake, mwingine aliyenunua pikipiki tatu kwa mpigo kabla hajajua kuendesha hata moja. Anazo nyingi, na nyingine naamini ni za kweli. Sikumfuata huko. Mtu aliyelala njaa akipata gramu za kwanza na kuzitumia vibaya ana sababu zake, na wanaomlaumu mara nyingi ni wale waliotaka wao ndio wazitumie vibaya. Nilichotaka kutoka kwa mjomba ni kile kipande cha tairi na ule mkono.

Nilirudi uwanjani nikaanza upya, safari hii nikisahau umbali. Niliweka tairi bovu la pikipiki hatua chache mbele yangu, nikawa naitupa nati kwa mtupo wa chini, wa kiunoni, na kuisimamisha kwa kidole kabla haijagusa ardhi. Kazi yote iwe ya kuisimamisha. Nilijifunza kuisimamisha juu ya tairi, kisha pembeni ya tairi, kisha ndani yake. Nilipolisogeza tairi mbali zaidi sikubadili kitu kwenye mkono, nililegeza breki kidogo tu. Watoto waliona mchezo umepoa wakarudi kwenye mpira. Yule wa miaka tisa ndiye aliyebaki, akawa ananihesabia mabao.

Kuna mambo madogo ambayo hakuna aliyeniambia na ningependa kumwambia mwingine. Anza na nailoni nene; uzi wa kusuka, ambao wauzaji wanausifia, unazama ndani ya mizunguko yake mwenyewe na wigi lake halifumuliki. Usiujaze mpaka ukingoni mwa bobini. Tupa mara moja mbali uwezavyo, vuta hatua kadhaa zaidi kwa mkono, kisha bandika tepu ya umeme juu ya uzi uliobaki kwenye bobini, halafu zungusha urudishe uliotoka. Hapo wigi haliwezi kwenda chini zaidi ya tepu. Na vumbi la Geita, lile jekundu linaloingia hadi kwenye sanduku la nguo, linaingia pia kwenye beringi. Bobini iliyokuwa laini Jumapili hii inakuwa nzito Jumapili ijayo, na wewe unadhani mkono wako umeharibika. Ninaosha kwa mafuta ya taa na kudondoshea tone moja la mafuta ya cherehani. Moja. Mafuta yakizidi, bobini inakuwa nzito tena na unarudi kuwa mwanafunzi.

Ziwani nilikwenda Nungwe, ghuba ambayo mgodi mkubwa wa Geita huvuta maji yake. Upande ule wa kusini wa ziwa kuna jambo la kujua kuhusu upepo. Usiku na alfajiri unavuma kutoka nchi kavu kwenda majini, na uko mgongoni mwako. Kuanzia katikati ya mchana unageuka, unatoka ziwani na kukupiga usoni. Chambo kinachotupwa dhidi ya upepo kinapoteza kasi upesi kuliko kawaida na bobini haipotezi chochote, kwa hiyo mtu aliyekuwa fundi saa moja asubuhi anaweza kuwa na wigi saa tisa mchana bila kubadili kitu. Nilitupa asubuhi, nikiwa juu ya jiwe. Majini sikuingia. Mamba wapo, viboko wapo, na kichocho hakihitaji meno.

Mwaloni nilimkuta mzee akitengeneza migonzo, ile mishipi mirefu ya ndoano nyingi, ndoano zimepangwa kwenye ukingo wa beseni kubwa la plastiki.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Hicho ni nini?"

Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu ya watu wa zamani, akaniuliza kinachukua ndoano ngapi. Nikamwambia moja, au chambo kimoja cha plastiki chenye ndoano zake. Yeye beseni lake lilikuwa na mamia, na kila moja ingewekewa samaki mdogo aliye hai. Akaomba kujaribu. Nilimpa nikiwa na matumaini yangu, maana mtu aliyetupa mshipi wa mkono miaka 50 nilidhani kidole chake kimeshajua kila kitu. Alikizungusha chambo juu ya kichwa kwa nguvu zake zote za ujana, akaachia, na likatoka wigi ambalo shule nzima ya Geita haijawahi kuliona. Alicheka hadi akakaa chini. Mkono wa mshipi umezoea uzi uliolala huru ndani ya mtumbwi, unaokwenda tu unapovutwa. Haujawahi kukutana na uzi unaokuja wenyewe bila kuitwa.

Tulifumua pamoja, yeye akiwa na vidole vyepesi kuliko vyangu. Huku tukifumua alinieleza ya sangara: kwamba yeye alikuwa kijana wakati furu wamejaa na sangara hajafika; kwamba samaki huyo aliyepandikizwa upande wa Uganda miaka ya 1950 alijaa huku kwetu miaka ya 1980 na furu wakaisha mbele ya macho yao; kwamba siku hizi bondo lake, kile kibofu cha hewa kinachosafirishwa Asia, linaulizwa bei kabla ya nyama. Akanionyesha jiwe lililojificha, lenye rangi iliyokoza chini ya maji, na kusema sangara wa asubuhi anakaa upande wa kivuli chake. Kisha akarudisha rili mkononi mwangu. "Hii ni ya mtu mwenye nafasi," akasema, bila kejeli.

Sikuwa na la kumjibu, na bado sina lote. Ukanda huu wetu kila kitu kina kipimo. Dhahabu inapimwa kwa gramu na pointi, samaki kwa kilo na kwa rula, maana sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi. Muda wa fundi unapimwa kwa zamu. Kutumia jioni nyingi kujifunza kuangusha nati ndani ya tairi hakuna kipimo hata kimoja kinachokukubali. Ninachoweza kusema ni kwamba ninafanya kazi siku nzima na mitambo inayojisahihisha. Kihisi kinazima mota kabla mimi sijajua kulikuwa na hitilafu, na ni vizuri iwe hivyo, watu wasife. Lakini mkono unaosahihishwa na mashine kila siku unabaki palepale. Rili ya fundi saa haikusahihishi. Inakuonyesha ulichofanya, na kesho yake mkono umesogea.

Jiwe la mzee lilikuwa mbali kuliko tairi langu la mwisho, na kutupa juu yake kungefukuza kilichokuwepo. Nilitupa kupita kivuli kwa pembeni, mtupo wa chini, kidole kikihisi uzi, na chambo kilipobakiza kidogo kugusa maji niliegemea. Kikaingia bila kishindo. Nilikuwa nimeshazungusha mpini mara chache tu sangara alipokishika. Hakuwa mkubwa, rula ilimkataa kwa sentimita chache, nikamtoa ndoano, nikamrudisha. Mzee alitikisa kichwa kuona samaki anarudishwa, akasema kitu kwa Kizinza, wenzake wakacheka, na hakuna aliyekubali kunitafsiria.

Nilipomsimulia mjomba, hakupendezwa na sangara. Alichouliza ni ile breki ya ndani, vijipande vinavyosukumwa nje, na kama kitu cha namna hiyo kingeweza kukaa kwenye winchi. Nikamwambia ya namna ile hapana, gogo halizunguki kasi kiasi hicho, ila iko nyingine. Tulinunua kitovu cha gurudumu la nyuma la pikipiki chakavu, chenye breki yake ya ndani, tukakifunga kwenye ncha ya gogo kwa vyuma vya kuchomelea, waya wake ukaja mpaka kwenye kanyagio la mbao pembeni ya miguu ya mwenye winchi. Inafanya kazi vizuri. Kijana mgeni anaweza kuwekwa pale bila mwenye duara kukosa usingizi.

Mjomba mwenyewe huikanyaga mwisho kabisa, dumu likishafika, ili gogo lisijongee. Safari nyingine yote anashusha kwa kile kipande cha tairi. Brekishuu tulizofunga siku ile ndizo zilizomo hadi leo. Glavu anamaliza moja kila mwezi, na nikienda Nyarugusu ndizo anazoniagiza, ya kulia tu, maana ya kushoto anazo za kugawa.